Injini Iliyolishwa Alizeti

Mwezi uliopita tulimzika baba mdogo kule Itigi, na aliyesoma wasifu akatamka mbele ya umati kwamba marehemu "aliiokoa bajaji ya kaka yake isiharibikie mikononi mwa watu." Watu wenyewe ni mama yangu, aliyekuwa amekaa mkekani palepale. Nilitaka kusimama, nikashindwa. Basi acha nikusimulie wewe, ndugu yangu, maana hasira hii nimeilea tangu nikiwa msichana wa darasa la tano na imenichosha.

Baba alipofariki alituachia bajaji moja kuukuu, turubai lake limeshonwa kwa uzi wa viatu. Mama akajifunza kuiendesha. Mji ulicheka wiki nzima, kisha ukazoea. Treni ikisimama alipakia abiria na mizigo yao. Siku nyingine alibeba ndoo za asali za warinaji waliotoka vichakani, na viti vikabaki vinanata, nyuki wanatufuata hadi uani. Nilipenda hata wale nyuki. Bajaji ile ndiyo iliyotulisha na kunivalisha sare.

Baba mdogo alizoea kuiazima. Likizo moja nilipanda naye kwenda Mkiwa, kazi yangu kushikilia ndoo. Tulipofika injini ilikuwa inakwaruza. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, kikatoka kikavu. Duka la spea limefungwa. Mwingine angesubiri. Yeye akaenda kwa akina mama wanaouza mafuta ya alizeti kando ya barabara, akarudi na dumu, akamimina kwenye injini mafuta yaleyale tunayokaangia maandazi.

"Mafuta ni mafuta," akaniambia, akifuta mikono.

Kwetu alizeti hupakwa kila mahali, kuanzia ngozi iliyopauka hadi bawaba za mlango, kwa hiyo kosa lenyewe simlaumu sana. Namlaumu kwa kurudisha bajaji jioni ile, akasema "asante shemeji," akaondoka akipiga mluzi.

Siku ya nne injini ikanoki, ikazima kabisa, mama akiwa karibu na reli, amepakia abiria. Tuliisukuma hadi kwenye banda la fundi, nikilia njia nzima. Fundi alipofungua, ringi zilikuwa zimegandana na pistoni, ndani kumejaa utomvu mweusi, na banda zima likanuka kama jikoni.

"Mama, hii injini ulikuwa unailisha nini?"

Hapo ndipo nilipomwambia mama nilichokiona Mkiwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishika bega, hakuuliza mara mbili. Kesho yake akaenda Manyoni, akapata injini ya bajaji iliyogongwa, akarudi nayo ndani ya kiroba. Siku tatu yeye na fundi waliinama juu yake, mimi nikiwapa spana. Siku ya tatu mama akavuta mkono wa kuwashia, mara ya kwanza kimya, mara ya pili ikaitika. Alicheka kwa sauti, grisi hadi shavuni.

Baba mdogo aliposikia inanguruma, akaitisha kikao cha ukoo. Hoja yake ilikuwa fupi: mwanamke ameshaua injini moja, ataua na hii, basi chombo cha marehemu kikabidhiwe kwa mwanamume wa ukoo. Wakati injini imekufa bandani hakuitaka! Fundi aliwaambia wazee kwamba iliwekwa mafuta yasiyofaa, ila nani aliyaweka yeye hajui. Aliyeona kwa macho nilikuwa mimi peke yangu.

Jioni kabla ya kikao, bibi, mama yake baba, aliniita kwake. Alinipa ugali wa mtama na mlenda, akaniongezea maziwa ya mgando ambayo kwa kawaida aliyaficha.

"Mjukuu wangu," akasema, "huyo ndiye baba uliyebaki naye. Ukimwaibisha kesho mbele ya wazee, siku ya harusi yako nani atakutoa?"

Nakwambia tu, siku ya harusi yangu ilipofika baba mdogo hakuja. Alituma ujumbe kwamba ana safari.

Siku ya kikao niliwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo babu, shikamoo babu, nikaketi karibu na mama. Alikuwa mtulivu kabisa. Akawaambia, "Mtoto wangu alikuwepo." Kisha akanigeukia. "Sema mama, uliona nini Mkiwa?"

Bibi alikuwa ananitazama. Baba mdogo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sikuona kitu," nikasema.

Mama akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo wa bajaji, akauweka mkekani.

Baba mdogo aliendesha bajaji ile miaka miwili, akaiuza kama chuma chakavu. Bibi naye hayupo, na banda la fundi sasa linauza vocha. Hayo yote yamekwenda na siyalilii. Nimemkasirikia baba mdogo, nimemkasirikia bibi na maziwa yake, nimewakasirikia wazee waliomwachia mtoto mzigo wa kusema kweli. Lakini aliyesema uongo ni mimi. Zamani mama aliniuliza kila jambo: chumvi imekolea, wingu lile lina mvua, gauni hili limenikaa? Tangu siku ile ananipikia, ananiombea, ananipokea vizuri kila nikirudi. Hajaniuliza tena kitu.