Skrubu Nne Nyekundu

Pale chuo cha ufundi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Kibano, kwa sababu ya kile kibano chembamba cha chuma kilichokuwa hakitoki mfukoni mwa koti lake. Alikitumia kwa kila kitu: kunyanyua kipande cha saketi kidogo kuliko punje ya mchele, kuchomoa mwiba kidoleni mwa mwanafunzi, hata kumnyooshea mkuu wa chuo katikati ya kikao. Kabla ya kusomea ualimu alitengeneza redio na simu miaka kumi na miwili kwenye kibanda cha mjomba wake, na mkono wake ulikuwa haujui kutetemeka.

Siku hizi alibeba kitu kingine pamoja na kibano. Ni hasira.

Hasira yenyewe ilianzia kwenye chumba cha kioo mwisho wa korido. Miaka mitatu nyuma, kiwanda cha chipu kilichojengwa ng'ambo ya barabara kuu kilitiliana saini na chuo: kiwanda kitoe mashine, chuo kitoe mafundi. Mashine ikaja kweli, ile inayoshona nyuzi za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, kutoka kwenye chipu hadi kwenye miguu yake ya chuma. Wanafunzi wakaibatiza Cherehani. Ikafunikwa nailoni, chumba kikatiwa kufuli, ufunguo ukahamia kwenye droo ya mkuu. Mashine ya wageni. Wageni wakija, nailoni inatolewa, wanafunzi wanavalishwa makoti meupe na kupangwa kuizunguka, picha zinapigwa, kisha makoti yanakusanywa. Ungedhani wako kwenye msiba wa tajiri.

Mama Kibano alifundisha kwa chaki. Aliichora Cherehani ubaoni upande wa mbele tu, maana nyuma yake hakuwahi kuiona. Kila alipoomba ufunguo alipigwa danadana: subiri wiki ijayo, subiri fundi wa kiwanda, subiri bima. Na kila mwisho wa mwaka ililetwa ripoti isemayo kwamba kila mwanafunzi amefanya mazoezi ya vitendo saa mia mbili.

"Weka saini tu, Mwalimu," mkuu alimwambia. "Tusipoipeleka watachukua mashine yao."

Alisaini. Mara mbili. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Maana mwaka jana mwanafunzi wake aliyeongoza darasa, binti wa dada yake, alikwenda kufanya jaribio la kazi kiwandani. Akawekwa mbele ya Cherehani, akauliza swichi ya kuwashia iko wapi. Mhandisi akatazama ripoti, akaona saa mia mbili, akaandika: hafundishiki. Kufika saa nne asubuhi binti alikuwa nje ya geti. Sasa anasuka nywele sokoni, na ukimuuliza anasema tu, "Mama mdogo, mimi kumbe sina kichwa." Yule mhandisi naye akaenda redioni kusema vijana wa hapa hawana ujuzi, kwa hiyo kiwanda kimelazimika kuleta mafundi kutoka nje. Hawana ujuzi! Watu wameufungia ujuzi nyuma ya kioo, halafu wanawacheka waliobaki koridoni.

Mwaka huu wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, na jaribio lao lilikuwa Jumatatu. Alhamisi asubuhi, siku ya kusaini ripoti ya tatu, Mama Kibano alikwenda kuomba ufunguo kwa mara ya mwisho. Mkuu hakuinua hata macho kwenye chai yake.

"Leo kuna wageni, Mwalimu. Usinichafulie chumba."

Alirudi kwenye chumba cha kioo. Kufuli lilikuwa imara, lakini bawaba za mlango zilikuwa upande wa nje, na koridoni walisimama wanafunzi kumi na mmoja wa ufundi wenye bisibisi. Dakika sita baadaye mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani. Wakaivua mashine nailoni, wakaizunguka kwa mara ya kwanza bila mpiga picha.

"Mwalimu," msichana mmoja aliita kutoka nyuma, "hizi nyekundu ni za nini?"

Zilikuwa skrubu nne nene, zilizokaza kichwa cha mashine kisicheze safarini. Kando yake palikuwa na kibandiko: ondoa kabla ya kuwasha. Vumbi la miaka mitatu lilikuwa limelala juu yake. Mama Kibano alikaa chini sakafuni, akazifungua zote nne kwa bisibisi. Mashine aliyoisainia kwamba imetumika saa mia mbili kwa kila mwanafunzi haikuwahi hata kuwashwa.

Alipoingia ukumbini wageni, wakubwa wa kiwanda na yule mhandisi wao, walikuwa wameshakaa. Ripoti ikasukumwa mbele yake pamoja na kalamu. Akazipanga skrubu juu yake moja moja, kwa kibano.

"Ndiyo nini hivyo?" mkuu akauliza.

Mhandisi hakuhitaji kuambiwa. "Zilikuwa bado zimo?"

"Zilikuwa bado zimo. Saini yangu iko kwenye ripoti mbili, na zote mbili ni za uongo. Yako iko chini ya yangu, Mhandisi. Ulikuja kukagua. Ulikagua nini, nailoni?"

"Mwalimu, haya tutayaongea pembeni," mkuu akasema.

"Pembeni tumekaa miaka mitatu, Mkuu."

Kalamu hakuigusa. Alitaka mambo matatu na aliyataja palepale: Cherehani iwashwe leo, jaribio lisogezwe mwezi mzima ili wanafunzi waishike kwanza, na lile neno "hafundishiki" lifutwe kwenye faili la mwaka jana. Wakubwa wa kiwanda walikuwa wakimtazama mhandisi wao. Mhandisi akaagiza faili liletwe, akalifuta mwenyewe neno hilo kwa kalamu ileile; jaribio likasogezwa, na mchana huohuo Cherehani ikawashwa.

Alasiri Mama Kibano alikwenda sokoni. Alimkuta binti katikati ya kichwa cha mteja. Akamwekea skrubu moja kiganjani, akamweleza yote, na zile saini pia. Alitegemea machozi au matusi, na alijua anastahili vyote.

Binti aliigeuzageuza skrubu.

"Kwa hiyo," akasema, "swichi iko wapi?"

"Nyuma, kulia, chini ya kifuniko. Hata mimi nimeijua leo."