Bolivia Kwenye Mpunga wa Bibi

Wiki iliyopita nilifungua daftari la binti wa dada yangu, hapa Bugarama, nikakuta sentensi niliyodhani imezikwa pamoja na mwalimu wangu: "Bolivia ni maskini kwa sababu haina bahari." Damu ikanichemka, rafiki yangu, kama miaka ile.

Unalijua joto letu. Baada ya mavuno bibi alitandaza mpunga kwenye mashitingi, yale maturubai ya plastiki, mbele ya nyumba, nasi wajukuu tukaugeuza kwa miguu, tukiiburuta mstari kwa mstari hadi nyayo ziwashe. Mimi nilisomea humo humo. Siku tuliyofundishwa Bolivia niliichora kwa kidole gumba cha mguu: magharibi milima na uwanda wa juu wenye baridi, viazi, madini ya bati na fedha, mashariki misitu ya joto, kusini, jangwa jeupe la chumvi tupu.

"We mutoto, unachora nini mu mupunga yangu?"

Nikamweleza bibi yote, hadi ile sentensi ya mwalimu. Akaegemea ufagio.

"Bako na chumvi?"

"Mingi, Koko. Inajaa uwanda muzima."

"Muntu mwenye iko na chumvi mu nyumba, analilia bahari ya nini? Na siye tuko na bahari gani? Geuza mupunga!"

Mtihani ukaja na swali lenyewe: kwa nini Bolivia ni maskini? Nikaandika maneno ya bibi, nikapata sifuri. Mwalimu akaniita: nifute, niandike alivyofundisha, nipande darasa. Sikufuta. Nilirudia mwaka mzima, wenzangu wakinicheka, na ukitaka nijute leo utangoja sana. Ndiyo, najua sasa kwamba kukosa bandari kuna gharama yake, na kwamba pwani yao walinyang'anywa vitani. Lakini aliyenyang'anywa asiitwe maskini wa kuzaliwa, wala sisi tusiitwe hivyo.

Bibi hayupo tena. Siku hizi mpunga hukaushwa kwa mashine, na pale mbele ya nyumba pameota majani. Namkumbuka.

Juzi nililima yale majani, nikatandaza shitingi, nikamwaga gunia zima la mpunga mbichi juani. Nikamwita binti. Akaja na daftari lake, akauliza aandike nini.

"Weka daftari chini," nikamwambia. "Toa viatu."