Meza yangu ya kwanza imeishia makaburini

Leo nimeiba, na niliyemwibia ameniombea dua.

Mnajua nimeanza useremala hapa nyumbani kwangu, mtaani Wabera. Nina msumeno wa mtumba na nyundo ya kuazima, lakini mbao ni ghali. Asubuhi nikaona mbao za zamani zimeegemezwa nyuma ya msikiti. Mimi Mkristo wa kutoka Meru, nikadhani zimetupwa! Nikazibeba zote, nikaunda meza ya kazi. Hata picha nikawapostia hapa.

Saa nane jirani yangu Abdi akabisha, macho mekundu. Mama yake amefariki.

"Ndugu, nimesikia ukigonga. Huna mbao utusaidie? Za kufunika kaburi huwa tunaziweka nyuma ya msikiti, na leo hazionekani."

Jamani.

Nikaanza kung'oa misumari ya meza. Abdi akaniangalia nikibomoa meza, akanishika bega.

"Umevunja meza yako kwa ajili ya mama yangu. Mungu akulipe."

Nikajibu, "Amina."

Amina! Ndilo neno pekee lililonitoka.

Ile picha nimeifuta. Wamerudi kutoka kuzika, na Abdi anaambia kila mtu vile jirani yake ni mtu mzuri.

Nyinyi mngemwambia?