Balinishusha ku kichuguu sababu ya photo

Leo patron mumoja wa kampuni ya connexion ya internet alinishusha ku kichuguu, na mpaka sasa niko na kasirani.

Kwetu mu kijiji, ku barabara ya Kipushi, réseau ya simu inapatikana tu juu ya kichuguu nyuma ya kanisa. Tuko na sheria: mwenye habari ya ugonjwa ao ya kilio anapanda wa kwanza, na hakuna muntu anamushusha.

Yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, iko Goma, mu vita. Asubuyi message vocal yake, ya sauti, ilianza kuingia mu simu yangu, pole pole. Bantu bote bakanipisha.

Njo bale ba kampuni bakafika na bango yabo: CONNEXION YA MBIO MU KIJIJI. Bakapiga photo na chef wetu wa kijiji.

Photo ikakatala kwenda.

Patron wabo akapanda mpaka pale niko, na bile biatu bya kung'aa. "Mama, shuka kidogo, tutume photo ku bureau."

"Papa, nangoja yaya yangu. Iko mu vita."

"Dakika mbili tu, mama."

Chef akanikemea: "Heshimu bageni." Chef, mwenye aliweka ile sheria yeye mwenyewe.

Nikashuka. Message ikakatika.

Nikapanda taxi-moto, pikipiki, mpaka mu muji, mu commune yenye banaita Kenya. Kule ikafunguka mara moja: "Nipigie mbele ya saa sita. Tunakimbia, chaji inaisha."

Ilikuwa saa tisa. Simu yake haipatikane tena.

Photo yabo inazunguka humu ku internet. Musiweke like. Ule mwanamuke nyuma ya bango, juu ya kichuguu, njo miye. Saa banapiga ile photo, yaya alikuwa angali ananingoja.