Kidole cha Meneja

Fundi wa kompyuta ana vidole vya mtu anayemvua viatu mtoto aliyelala. Kabla ya kugusa kibodi huipuliza, hufuta miwani kwa pindo la shati, kisha huisalimu mashine: "Umeamkaje, bibi?" Mama mfagizi, anayepiga deki karibu na miguu yake, huwa anacheka. Leo hacheki. Umeme ulikatika alfajiri, na uliporudi mashine ikawaka na saa iliyotangulia kwa saa tatu. Mama amefika saa mbili kasorobo. Kifaa cha alama za vidole mlangoni, kinachofuata saa ya mashine hiyo, kimemwandika saa tano kasorobo. Hiyo itamletea barua ya tatu ya kuchelewa, na ya tatu ndiyo ya kufukuzwa.

"Mashine haisemi uongo," meneja anasema, kalamu mkononi, bila hata kutazama saa yake ya dhahabu. "Waongo ni watu." Fundi anafuta miwani. Kurekebisha saa ni kazi ya dakika moja, mama amemwona mara nyingi, ila leo hana haraka. "Kweli kabisa, bosi. Hebu weka kidole hapo mlangoni nione kama kifaa kinasoma." Meneja, ambaye siku zote hupita tu, anaweka. Kifaa kinatangaza kwa sauti tamu ya kike: "Saa tano na robo. Umechelewa." "Mashine gani hii ya kijinga!" "Ndiyo, bosi," fundi anajibu kwa upole, akipuliza kibodi. "Sasa, nirekebishe saa ya wote, au yako tu?"