Pua ya Dada Halima

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Zamu alinipokea kwenye lango la maabara ya watu binafsi, Temeke, akaniuliza kama nina mafua. Nikasema sina.

"Basi ingia. Hapa mwenye mafua anarudi kwao."

Nilianzia chumba cha kuoshea vyombo, nikahamishiwa kwenye mtungi wa mvuke unaoua vijidudu, mwisho nikafika penyewe: mezani penye mitambo ya kuchachulia. Nyie vijana mkisikia kuchachua mnawaza mapipa. Yetu ilikuwa midogo kama vikombe vya chai, imepangwa safu. Kila kikombe kilikuwa na kikorogeo, mrija wa hewa na waya wa kupima asidi. Ndani mlikuwa na molasi na hamira. Kiwanda kilitaka hamira bora, nasi tulijaribu aina nyingi kwa pamoja.

Kompyuta ilipima mengi, ila bakteria wakivamia ilichelewa kujua. Kwa hiyo kila asubuhi tulinusa hewa inayotoka kwenye kila kikombe. Harufu ya mkate ni salama. Harufu ya soksi, kimwagwe.

Bingwa alikuwa Dada Halima, mjane wa Lindi aliyeishi Kiwalani na wanawe. "Mie nikiolewa tena," alikuwa akisema, "mwanaume namnusa kwanza."

Yeye ndiye pia aliyejaza amonia, dawa ya kupunguza asidi, katika chumba ambacho feni yake iliharibika na haikutengenezwa. Amonia inachoma pua kama pilipili. Taratibu pua yake ikafa. Aliniambia mimi tu.

"Braza, vitunguu vinaungua jikoni sisikii. Wakijua, wanangu watakula nini?"

Tukapatana: natangulia mie, nikikuta kibovu, nakohoa.

Ilikwenda hivyo mpaka asubuhi niliyotumwa uwanja wa ndege kuchukua vifaa. Wenzangu walinisimulia. Mkuu wa Maabara aliingia na wageni wa kiwanda, akamwita Halima awaonyeshe. Halima akainama juu ya kikombe ambacho wengine walishaanza kuziba pua kwa uvundo wake.

"Mkate mtupu, bosi," akasema, akitabasamu.

Wageni wakacheka. Mkuu hakucheka.

"Tangu lini, Halima?"

"Tangu feni ilipokufa."

"Feni siyo ishu ya leo," akajibu, na siku hiyohiyo akamwachisha kazi. Chumba cha amonia nikapewa mimi. Feni ilikuwa vilevile.

Nilivumilia, kisha nikastaafu mwenyewe kabla ya umri. Tangu hapo nimehama Tabata, nikahama Mwenge. Miguu yangu haitulii. Kazi ile ilinipa ujuzi ambao hakuna anayeuhitaji mtaani, lakini bado naitamani.

Majuzi, baada ya mafuriko, nilikwenda Kiwalani kumjulia hali Dada Halima. Wanawe wamehamia kwa mjomba wao Lindi, kwa kuwa hakupata tena kazi ya kuwalisha. Maji ya choo yalikuwa yameingia hadi chini ya kitanda. Akanikaribisha kiti, akanong'ona:

"Majirani hawaingii kwangu siku hizi. Hebu niambie kweli, kwangu kunanuka?"

"Hapana, dada. Nasikia udi."



"Udi sijachoma tangu wanangu waondoke," akasema, akainuka kufungua dirisha.