Hema la Upepo Kambini

Kampuni moja ya utalii hapa Moshi ilinipa sharti: nithibitishe kuwa hema la kujaza upepo linafaa mlimani kuliko hema la nguzo, ndipo niajiriwe. Mimi, mwenye digrii na wasiwasi wa kutosha ukoo mzima, nikachora jedwali. Niliwazia mvua, baridi, hata panya wa kambini. Panya hao walininyima usingizi siku mbili.

Tulipojaribu uani kwa bosi, mtaa wa Rau, hema langu lilisimama ndani ya dakika tatu tu. Mzee Temba, mpagazi mkongwe, alikuwa bado anaunga nguzo zake.

"Mzee, hizo peleka makumbusho," nilimwambia, nikajiona mwerevu kweli.

Jumamosi tukapanda mlimani. Kambini mvua ikatukuta. Mzee Temba akasimamisha hema lake, bosi akaingia. Mimi nikatoa pampu, nikashika waya wake na kuanza kuzunguka, nikitafuta pa kuuchomeka. Kule Rau niliuchomeka kwenye gari la bosi.

"Msomi," Mzee Temba akaita kutoka ndani, bosi akicheka pembeni yake, "hilo gari lako linapandia njia gani, tukalipokee?"